Udaga wa Kwenda Nao Ukerewe

Mwanangu Mabula,

Umekwenda Usagara kuwaaga wenzako, na ninavyowajua mkishakaa kwenye mishikaki hamna habari ya kurudi. Kwa hiyo nimechukua karatasi na kalamu yako moja, nimepanda kwenye jiwe letu la kuanikia. Jua bado liko juu kidogo ya Busisi. Kutoka hapa naliona shamba lote la kanisa, mihogo, matuta ya viazi, mchicha, mpaka kule chini kwenye matete ya ziwa. Baba yako yuko kwenye uzio anagongagonga nguzo ambayo haina ubaya wowote. Hataki kuingia nyumbani kwa sababu begi lako liko mlangoni. Na mimi nimelikimbia begi hilo hilo.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kufua nguo. Wewe ni mtu mzima, ukivaa soksi chafu ni shauri lako. Baba yako ameshakupa woga wake wote: kwenye meli ya Nansio ukae karibu na mlango, usishuke ziwani kuteka maji ya kumwagilia giza likiingia, viboko wa Ukerewe hawana adabu kama wa kwetu. Huo ni woga wake na namwachia. Mimi nina wa kwangu, na kila nikifungua mdomo kukuambia najikuta nakugombeza kuhusu sabuni.

Ninaogopa ile mihogo.

Najua utacheka hapo. Cheka, halafu endelea kusoma. Juzi ulipomaliza kuongea kwa simu na mwinjilisti wa lile shamba la kanisa unalokwenda kusimamia, uliingia jikoni umejaa furaha mpaka masikioni. Ukasema, "Mama, shamba la kule limekubali. Mihogo imekomaa, watu wameshaambiwa. Tukifika tunang'oa, Jumapili askofu anakuja kufungua, tunagawa unga siku hiyo hiyo." Nikauliza mihogo gani. Ukasema, "Michungu, kama yetu. Mitamu ingeshaibiwa yote." Mwiko ukanitoka mkononi. Ukadhani ugali umeniunguza, ukauokota mwiko, ukaendelea kuongea habari za askofu.

Usiku ule nilijaribu kukwambia tukiwa tunakula. Ukanijibu kwa upole, maana wewe ni mpole, "Mama, mimi udaga naujua, nimekulia kwenye udaga." Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa sababu umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu hata mimi nilikulia humo humo.

Kisa cha unga wangu unakijua, hapa hakuna asiyekijua. Umekua ukimwona Minza na fimbo zake, mmesoma darasa moja, umembeba mgongoni kuvuka korongo siku za mvua. Lakini watu wakisimulia hulipitia juu juu jambo moja, na ndilo linalonitisha kuliko miguu yenyewe. Wanasema, "Mama Mabula hakujua, maskini." Wananihurumia. Nami nimewaacha wanihurumie, maana huruma ni nzuri kuliko kutazamwa.

Mabula, nilijua.

Nilijua muhogo mchungu lazima umenywe, uanikwe kidogo, uvundikwe chini ya majani mpaka ulainike na kuota ukungu, ukwanguliwe, uvunjwevunjwe, ndipo uanikwe tena mpaka ukauke kabisa, sumu yake iwe imetoka; huo ndio udaga. Bibi yako mzaa mama alinifundisha nikiwa sijaota hata meno ya ukubwani. Nyumbani kwetu mihogo ikishavundikwa tulikuwa tunasema imelala, na mihogo isiyolala haikupikwa hata mgeni awe amekaa mlangoni. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani mwaka ule, kama uliyonayo wewe sasa.

Ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ilikuja ikatuonyesha sura ikaondoka, mahindi yakakauka yakiwa na kimo cha mtoto wa kutambaa. Shamba hili lilikuwa jipya. Tuliliomba sisi akina mama wachache, baada ya kuona watu wanakuja kwenye ibada na kuanguka wakati wa nyimbo, na si kwa kupagawa, ni njaa tu. Kanisa likatupa kipande hiki cha ufukweni. Tukapanda mihogo michungu kwa sababu wezi na ngedere hawaigusi. Tulilima kwa ajili ya wajane, wazee wasio na mtu, na wale wanaomeza dawa kila siku ambao dawa inawakata tumbo bila chakula. Mimi nikapewa kazi ya unga. Nilichaguliwa kwa sababu nina mkono mwepesi. Mama mmoja alisema mbele ya wote, "Mpeni Mama Mabula, huyo akishika jambo halilali." Nikavimba kichwa, nakwambia kweli.

Mihogo ilipokomaa watu wakaanza kuja uzioni kabla hatujang'oa hata shina. Hawakupiga kelele. Hilo ndilo litakalokupata wewe, kwa hiyo lisikie vizuri. Watu wenye njaa hawapigi kelele, wanakaa. Wanakaa kwenye kivuli cha uzio wako, wanakusalimia unapopita, wanakuuliza habari za watoto. Jioni wanajipangusa vumbi wanaondoka, asubuhi ukiamka wapo. Nilifika mahali nikawa nazunguka nyuma ya choo ili nisipite mbele yao.

Jumapili ya mavuno ilikuwa imekaribia. Mchungaji wetu wa wakati ule, mtu mwema sana, alikuja hapa shambani akaniuliza, "Mama Mabula, Jumapili tutakuwa na kitu cha kuweka mbele ya madhabahu?" Aliuliza tu. Ningesema, "Mchungaji, bado," angesema sawa, tungeimba nyimbo zetu tukaenda nyumbani. Watu wangekaa uzioni siku chache zaidi wakila majani ya kunde. Lakini nilitazama wale waliokaa, nikamtazama yeye, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kitakuwepo, mchungaji."

Tuling'oa, tukamenya, tukakata vipande vyembamba sana, tukaanika kwenye jiwe hili hili nililokalia. Hatukuvundika. Tulitengeneza makopa, kama yale ya mihogo mitamu. Nilijiambia nikikata vyembamba na jua likiwa kali, uchungu utatoka. Na nilijiambia jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu ila baba yako. Nilijiambia kwamba chakula hiki ni cha Mungu, kimelimwa kwa maombi, kitaombewa na mchungaji mbele ya watu wote, na Mungu hawezi kuacha chakula chake kidhuru maskini wake. Nikamwachia Mungu kazi ya kuvundika. Sasa nikiona mtu wa shamba la kanisa anafunga macho kuomba huku mikono yake haijamaliza kazi, moyo unanienda mbio.

Unga ulitoka mweupe. Unajua unga wa udaga ulivyo, una rangi ya majivu kidogo na ile harufu yake. Huu ulikuwa mweupe pe, kama wa dukani. Jumapili akina mama waliingia na ndoo vichwani wakicheza, kanisa zima likasimama. Mama Minza ndiye aliyekuwa mbele, amefunga kitenge kiunoni, akaweka ndoo chini akanishika mikono akasema, "Mama Mabula, unga wako kama theluji." Theluji yenyewe hajaiona hata siku moja, na mimi pia. Tulicheka sana siku ile.

Hakuna aliyeanguka Jumapili, wala Jumatatu. Wengine walisikia kizunguzungu kidogo wakasema ni tumbo kushangaa chakula. Nami nikazidi kuharakisha, kila Jumamosi makopa, kila Jumamosi unga mweupe. Sisi nyumbani tuliula huo huo, usidhani niliwapa wao nikajitengea mwingine. Lakini baba yako wakati ule alikuwa anafanya kazi kwenye mitumbwi ya dagaa, kwa hiyo tuliula na dagaa. Wao walikula mtupu, asubuhi na jioni, majuma kwa majuma. Kumbe mwili unahitaji kitoweo ili upambane na ile sumu. Daktari alinieleza hivyo baadaye, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, na mimi nilikuwa nakitazama kifungo cha koti lake.

Asubuhi moja Minza aliamka anatembea kwa vidole. Magoti yanagongana, miguu imekaza kama imefungwa kamba kwa ndani. Mama yake alidhani anacheza, akamwambia acha utani nenda kachote maji. Akaanguka mlangoni na ndoo. Miguu ile haikulegea tena, na daktari alisema haitalegea.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inaniwia nzito. Watu hawakusema ni unga. Walisema karogwa. Jirani yao alikuwa Bibi Holo, yule mzee aliyekuwa akikaa peke yake nyuma ya mwamba, macho mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Unajua huku kwetu macho mekundu ya bibi kizee yanavyosemwa. Wakaanza kumtaja, kwanza kwa chini chini kisimani, halafu bila kificho. Mimi nilikuwa nasikia. Nilikuwa na ndoo yangu kisimani, nasikia, nachota maji, narudi nyumbani. Nililala nikaamka, nikalala nikaamka, nikiwa najua. Na nitakwambia bila kuficha, kuna sehemu yangu ilipumua. Kama ni Bibi Holo, basi si mimi.

Kilichonifungua mdomo ni kwamba jioni moja nilimwona kijana wa pale anapita na panga akiwa hana shamba la kwenda saa ile. Huenda alikuwa anakwenda kukata kuni. Mpaka leo sijui. Lakini nilikaa chini pale pale njiani, na Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kabla ya mahubiri, wewe umenishika sketi, nikasema, "Bibi Holo hana kosa. Ni unga wangu. Sikuvundika." Hakuna aliyeniitikia amina. Tulitoka mimi na wewe tukapita katikati ya viti, ukaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Mama, mbona watu wananyamaza?" Sikukujibu siku ile. Walikuwa wananyamaza kwa sababu walikuwa wanahesabu nani mwingine nyumbani kwao amekula.

Nami nilikuwa nakuhesabu wewe. Tangu siku ile nikaanza kukushika miguu. Kila asubuhi kabla hujaamka nilikuwa nakupapasa visigino, nakukunja magoti, nakunyoosha. Ulidhani nakutekenya. Ulikuwa unacheka huku umefumba macho na kunipiga teke la kifuani, na kila teke nilishukuru. Niliendelea mpaka ukawa mkubwa ukaanza kuona aibu. Siku hizi nasubiri utoke nje, nakutazama unavyotembea kwenda kuoga.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilikuja shambani nikijua hatakuja mtu. Nilikuwa nimevundika safari hii, udaga umelala mpaka ukalala tena, una rangi yake mbaya ile ile ya siku zote. Nikakaa na ndoo zangu. Akaja Mama Minza, peke yake, na bakuli lake.

Nikasimama. Shikamoo ilinitoka, wakati yule ni rika langu.

Hakuitikia. Akaniuliza, "Unga upo?"

"Upo. Huu ni udaga kweli, Mama Minza, nimeuvundika mwenyewe, nime..."

"Sijakuuliza hivyo. Nina watoto wengine nyumbani, wanataka kula. Washa moto upike."

"Nipike?"

"Pika hapa, kidogo. Ule nikikuona. Bila dagaa."

Nikawasha moto. Nikasonga ugali kidogo kwenye sufuria, nikala mtupu, tonge kwa tonge, yeye amekaa kwenye jiwe ananitazama koo. Nililia lakini nilimeza. Nilipomaliza akanyoosha bakuli nikamjazia. Akatazama ndani akasema, "Na maharage. Unga peke yake sichukui tena, na mtu yeyote usimpe." Nikakimbia nyumbani nikaleta maharage yetu ya mbegu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile ambayo wewe utotoni ulidhani ni ibada. Unakumbuka? Ulikuwa unanisimamia pembeni kila Jumamosi, nikimaliza tonge la mwisho unasema "amina" kwa sauti, watu wanacheka. Sikukurekebisha. Lakini haikuwa ibada. Ni mama mmoja alikuwa haniamini, na alikuwa na haki, na bado alikuwa na njaa. Yote matatu yalikaa kwenye bakuli lile lile. Ungemwona uso wake usingelala usingizi mzuri tena, na mimi tangu siku ile sijaulala.

Ndiyo maana naogopa, baba. Nakuita baba kwa sababu siku hizi nikikutazama unavyotoa salamu kwa watu namwona baba yangu, mtu wa kupenda watu. Hiyo ndiyo hatari yako. Ungekuwa mchoyo nisingekuogopea, mchoyo hamuui mtu kwa unga. Wewe una moyo wa kutoa na una mkono wangu mwepesi, na unapenda kusifiwa, usikatae, nimekuzaa. Utafika kule utawakuta wamekaa kwenye kivuli. Watakuita mtumishi. Mwinjilisti atakwambia askofu yuko njiani, wapiga picha wa kanisa wameshakuja, wenzako wa kwaya wameshona sare. Na Wakerewe wanaijua mihogo kuliko sisi, utajiambia kama kungekuwa na ubaya wangesema. Hawatasema. Mtu mwenye njaa hawezi kukwambia chakula chako kibaya. Atakushika mikono, atakwambia kama theluji.

Sijui nikufundishe vipi kusema bado. Mimi nilijifunza kwa gharama ya miguu ya mtoto wa mwenzangu, na hata hivyo kila mwaka mihogo ikikomaa nalisema neno hilo kwa shida. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nazunguka nyuma ya choo nilishindwa. Siku nilipoanza kupita mbele yao na kukaa nao nikaweza kidogo. Nikawa nawaambia, "Njooni tumenye wote." Mtu akiwa anamenya anaona mwenyewe mihogo inavundikwa, anaijua siku yake, na kusubiri kunakuwa kazi ya mikono yake. Matembele na mchicha vinaota haraka, wape hivyo wakati huo. Askofu mpe kiti na maji ya kunywa, mwonyeshe mihogo ikiwa chini ya majani, aiombee hapo hapo ilipo. Akikasirika atakasirika na kurudi Mwanza kwa meli ile ile. Hasira ya askofu haimlemazi mtoto.

Maneno haya nimeyaandika vizuri, lakini nikiyasoma naona hayatoshi. Karatasi haiwezi kusimama pembeni yako Jumapili. Ndiyo maana juzi usiku, wewe umelala, mimi na baba yako tuliingia chumba cha nyuma tukatoa udaga wetu wote tukaufunga kwenye magunia. Yale magunia uliyoyaona sebuleni ukauliza mama unahamia wapi, ni yako. Nimekwisha kuongea na jamaa wa gari, yatafika bandarini kabla yako. Udaga huo umelala, nauapia. Wape watu huo kwanza, pamoja na maharage yaliyo kwenye mfuko wa bluu, wakati mihogo ya kule inavundikwa taratibu. Sisi tutakula viazi, baba yako anavipenda huku akisema havipendi.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimekaa hapa nimekunja karatasi, mara nikamwona Mama Minza anapanda huku kwenye jiwe, mzigo kichwani, Minza nyuma yake na fimbo zake anachagua pa kukanyaga. Sijawahi kumwona Minza akipanda jiwe hili. Nikasimama nikiwa na hofu, nikidhani kuna msiba.

Mama Minza akatua mzigo. Kiroba cha udaga.

"Minza kaniambia wewe na huyo kijana wako Jumapili mnagawa Ukerewe."

"Yeye. Mimi siendi."

"Na mihogo bado iko ardhini?"

"Bado iko ardhini."

Akakaa. Alikishika kiroba kwa mikono yote miwili, nikajua woga huu sinao peke yangu. Miaka yote hii tumegawiana woga mmoja kama watu waliozaa pamoja, na hatujawahi kuutaja. Akasema, "Huyo mtoto hajui kusema hapana. Nimemlea, namjua. Mpe na huu."

Nikamwambia, "Mama Minza, huu si ndio wa kula kwenu? Mtakula nini?"

"Jumamosi si utanipa," akasema, kama mtu anayezungumzia jambo la kawaida kabisa.

Halafu akafungua kiroba, akachota unga kiganjani, akamwambia Minza aniombe sufuria. Nikasema hapana, Mama Minza, si wewe, mimi sikuulizi. Hakunisikiliza. Aliwasha moto pale pale tunapowashaga kila Jumamosi, akasonga ugali kidogo, akala mtupu mbele yangu, tonge kwa tonge. Nilimtazama koo. Mimi niliyemlemaza mtoto wake nilikaa kwenye jiwe namtazama anameza, na nilitaka kupiga kelele lakini nilimwacha ale, kwa sababu nilielewa hakuwa anakula kwa ajili yangu. Alikuwa anakula kwa ajili ya watu wa Ukerewe asiowajua. Minza alisimama pembeni ameegemea fimbo zake. Mama yake alipomaliza akasema "amina," kama ulivyokuwa ukisema wewe, na mama yake akamgeukia akamwambia funga kiroba.

Wamekifunga kwa kipande cha kitenge cha Minza, cha kijani, utakijua. Nimekiweka juu ya magunia yote ili uanze nacho.

Ninaogopa bado, Mabula. Sitakudanganya kwamba barua imeniondolea. Kesho bandarini nitakutazama miguu unavyopanda melini, usigeuke ukaniona. Ukifika, wakishakaa kivulini, washa moto wao wakiona. Fungua kitenge cha kijani. Usonge kidogo, usitie kitu.

Kula kwanza wewe.

Mama yako